Mwaka Huu Birika Nashika Mimi

Jumatatu, 9 Septemba

Leo natimiza mwaka na miezi miwili tangu niondoke nyumbani. Nimekaa kitanda cha juu, mgongo unauma, mvua inapiga bati, na jamaa wa kitanda cha chini anakoroma kama mashine ya zege wakati hata jua halijazama. Nimeamua kuandika kwa sababu kambini hapa mtu akiongea sana anaitwa redio, na mimi maneno ninayo mengi. Shule niliishia darasa la tano. Mwandiko wangu unajieleza wenyewe.

Tunajenga daraja. Si refu, lakini mto huu una kiburi, na mvua za msimu ndiyo kwanza zimeanza. Kazi yangu ni koleo na toroli: kokoto, mchanga, saruji, kisha unarudi kuanza upya.

Sikukuu mwaka huu ni Jumapili, 24 Novemba. Naiandika mapema ili nisije kusema sikujua.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua. Hakuna kazi. Maharage.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Kazi nusu siku. Maharage tena. Mpishi akiulizwa anasema, "Leo nimeyakatia vitunguu kwa mshazari, ni chakula kingine kabisa hicho."

Jumapili, 15 Septemba

Simu hapa haishiki mpaka upande juu ya lundo la kokoto. Nimepanda, nimempigia dada yangu. Huyu ndiye anayenifuata, na tangu tukiwa wadogo hajui kunificha kitu.

Nikamuuliza sikukuu iliyopita ilikwendaje, maana kila nikimuuliza Mama ananijibu "vizuri tu" na kubadilisha habari.

"Unataka ukweli au unataka kulala?"

"Ukweli."

"Mama alinawa mwenyewe. Bombani, uani. Sisi tukajifanya tunapanga sahani."

Nilikaa juu ya kokoto mpaka suruali ikalowa.

Nieleze, kwa sababu si kila nyumba iko hivi. Kwetu, siku ya sikukuu, hakuna anayejinawisha. Chakula kikishapakuliwa na kufunikwa, baba alikuwa anachukua birika na beseni, anakwenda kwa Mama kwanza, kwa kuwa ndiye aliyepika. Anammwagia maji mikononi na kumwambia sababu. Lazima iwe kitu kimoja chenye siku yake. Ukisema "asante kwa yote" Mama anavuta mikono, maji yanamwagika chini, na watu wanakucheka. Mwaka mmoja baba alimwambia, "Nakunawisha kwa ile siku niliyotaka kugombana na jirani kuhusu mpaka, ukaficha viatu vyangu." Tulicheka mpaka tukalia. Kisha aliyenawishwa anachukua birika na kwenda kwa mwingine, naye kwa mwingine, mpaka nyumba nzima mikono iko safi. Hapo ndipo vifuniko vinafunguliwa.

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka jana. Anayeshika birika baada yake ni mtoto wa kwanza, ndiyo mimi. Na mimi sikukuu ilipofika nilikuwa hapa, nasukuma toroli.

"Shemeji yako alijitolea kushika," dada akasema. "Mama akamwambia asante baba, kaa tu."

"Alifanya vizuri. Shemeji anamwaga maji kama anaosha gari."

Dada akacheka. "Mwaka huu Mama anasema labda apike kidogo tu, kila mtu ale kwake. Kaka, njoo."

Alhamisi, 19 Septemba

Msimamizi ametukusanya chini ya turubai. Huyu mtu tunamwita Kengele, kwa sababu hanyamazi. Kasema hakuna wa kwenda sikukuu kabla zege la juu ya daraja halijamwagwa. Na likishamwagwa, ofisi imesema waende nusu tu. Majina atachagua yeye.

Tangu leo kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Kifaru, mfunga nondo, mwenye shingo pana kuliko mlango wetu, amesema waziwazi: "Nikimwona mtu anamlamba Kengele miguu, nitamfunga waya pamoja na nondo."

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Mto umepanda, umemeza jiwe tunalokalia wakati wa chai.

Alhamisi, 26 Septemba

Leo nilikuwa nife, na karibu hakuna aliyeona.

Nilikuwa ndani ya mtaro wa msingi, upande wa juu, natoa tope. Wenzangu walikuwa ng'ambo wanafunga nondo. Kengele akaja mbio, akaniinamia, akanikamata kola ya shati na kunivuta kama gunia. "Toka humo, we kichwa maji! Mama yako amekuzaa uje ufie kwenye tope?" Na mengine ambayo siyaandiki. Nikatua kifudifudi juu ya udongo. Nyuma yangu nikasikia mlio mzito, kama mtu amekaa vibaya kitandani. Ukuta wa mtaro ulikuwa umeshuka wote. Koleo langu halionekani hata mpini.

Kengele hakungoja shukrani. Alikwishageuka anakwenda kumtukana dereva wa lori.

Ng'ambo walichoona ni mimi kuvutwa kola na kutukanwa. Udongo unaanguka kila siku, hakuna aliyeujali.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimejiharibia.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza, kama ningefia pale, Mama angenawa bombani maisha yake yote. Mchana tulipopanga foleni ya chakula nikamwona Kengele anakwenda bombani, mikono imejaa saruji. Sikufikiri. Mikono yangu ndiyo iliyofikiri. Nikachukua birika la mpishi na beseni la kuoshea vikombe, nikamkabili.

"Nini?" akasema.

"Nakunawisha, bosi."

"Kwa nini?"

Pale ndipo ulimi uliponisaliti. Watu wote walikuwa wamenyamaza, hata vijiko. Nikasema, "Kwa ajili ya jana."

"Jana nini? Jana nilikutukana."

"Ndiyo, bosi. Hiyo hiyo."

Foleni nzima ililipuka. Kifaru alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Kengele uso ulimbadilika, sijui aliona namdhihaki au namwomba. Alinawa haraka, akajifuta kwenye suruali, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kama ni ruhusa unataka, kwangu haipatikani kwa maji." Akaondoka.

Jioni nilijaribu kuwaeleza habari ya mtaro na habari ya nyumbani. Kifaru akaniambia, "Ndugu yangu, hata mbwa akipigwa anakimbia kwanza. Wewe umerudi na birika."

Jumamosi, 28 Septemba

Jina langu sasa ni Birika.

Jumatatu, 30 Septemba

Kengele amenihamishia kwenye pampu ya kutoa maji machafu chini ya nguzo. Kazi mbaya kuliko zote. Nadhani anataka watu waone kwamba sikununua kitu. Nimemwelewa, lakini miguu yangu haijamwelewa.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mvua. Chakulani nikikaa benchi linahama. "Birika limekaa, tuondoke lisije likatumwagikia."

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nilichelewa pampuni, nikafika jikoni chakula kimekwisha. Mpishi, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alikwangua sufuria ya wali, akaniwekea ukoko wote kwenye sahani, ule wa rangi ya dhahabu wanaogombania kila siku. Hakuniuliza kitu, hakunionea huruma. Alinigeuzia mgongo akaendelea kusugua sufuria. Nilikula nimesimama, ukoko unavunjika mdomoni kama kuni kavu.

Jumapili, 13 Oktoba

Kokoto tena. Safari hii Mama mwenyewe alipokea simu.

"Dada yako ana mdomo mrefu," akasema. "Mikono yangu haina shida na bomba, mwanangu. Maji ni maji."

"Mama, usifanye hivyo."

"Fanya kazi urudi mzima. Hilo ndilo muhimu."

Nikamwambia nitafika. Niliposhuka kwenye lundo nikajiona mjinga, maana nimeahidi kitu kilichoko mkononi mwa mtu ninayeogopa hata kumsalimia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mpishi ameniambia jambo wakati namsaidia kubeba kuni. Kwamba Kengele kila asubuhi, kabla hatujaamka, anatembea mtaro hadi mtaro anachoma udongo kwa fimbo ya chuma. "Aliwahi kupoteza mtu kwenye kazi nyingine," akasema. "Tangu hapo anapiga kelele. Anaona akinyamaza mtu atakufa."

Leo nilipomsikia akitukana ng'ambo, kwa mara ya kwanza nilisikiliza anamtukana nani na kwa sababu gani. Alikuwa anamwambia mtu avae kofia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jua! Siku nzima. Tumeanika mpaka magodoro.

Jumamosi, 2 Novemba

Jua. Mbao za kubebea zege zimepangwa kutoka ukingo hadi ukingo, zimeegemezwa kwa miti iliyosimama mtoni. Kifaru na wenzake wanafunga nondo juu yake. Lazima niseme ukweli, anafunga vizuri. Vidole vyake ni vinene lakini waya vinaujua.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua imerudi. Kengele anaangalia mbingu kama inamdai.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Zege lilikuwa limwagwe leo, limeahirishwa. Sikukuu ni Jumapili ya wiki ijayo. Watu hawatanii tena. Hata mimi hawaniiti Birika, hawaniiti kitu.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo lazima niandike.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Kengele akasema, "Leo ni leo." Zege la juu ya daraja likianza halikatishwi. Ukisimama katikati, la asubuhi linashika peke yake, na la jioni linakuwa jirani yake tu, si ndugu yake, na daraja litapasuka hapo hapo. Kwa hiyo kila mtu alishika toroli, hata fundi mbao, hata dereva wa lori. Mashine inazunguka, sisi tunakimbia juu ya mbao, tunamwaga, tunarudi.

Mchana tulikuwa tumepita nusu. Jua linawaka. Mpishi ndiye aliyeona kwanza, alikuwa anachota maji. "Jamani! Mto!"

Kwetu haikunyesha hata tone, lakini huko juu ilikuwa imenyesha. Maji yalikuja mekundu, yamejaa majani, na katikati yake ulikuja mti mzima na mizizi yake. Ukajikita kwenye miti inayobeba mbao zetu. Daraja lote likatikisika. Tuliokuwa juu tulisimama kama tumemwagwa sisi.

Miti ile ikiachia, zege lote linaanguka, na kazi ya msimu mzima inakwenda na maji.

"Toroli zisisimame!" Kengele akapiga kelele. "Nataka wawili wa kushuka!"

Kifaru alikuwa keshafunga kamba kiunoni. "Wa pili ni nani?"

Watu waliangalia viatu. Mimi nilikuwa namwona Mama yuko uani, anafungua bomba. Nikaacha toroli.

Kifaru akanitazama. "Wewe? Birika?"

"Mimi."

"Haya, twende. Leo utanawa mwili mzima."

Maji yalinifika kifuani na yalikuwa na nguvu ya ng'ombe. Kengele alizungusha kamba zetu kiunoni mwake na mikononi, akajilaza ukingoni. Mzizi mmoja ulikuwa umepita katikati ya miti miwili kama mkono ndani ya mfuko. Kifaru akaukata kwa msumeno, mimi nikilikandamiza shina kwa bega lisije likagonga tena. Juu yetu tunasikia toroli zinapita, zege linamwagwa, fundi mbao anagongelea kabari mpya.

Mzizi ulipokatika, mti uligeuka ghafla. Tawi likampiga Kifaru kichwani, akazama. Sikufikiri, mikono yangu ikafikiri tena. Nilimkamata kola, nikamvuta mpaka uso ukatoka, na nikamtukana. Maneno yalitoka yenyewe. Mti ukapita pembeni yetu ukaenda zake.

Nilidhani tutatoka sasa. Kifaru akatema maji, akaona kabari moja imelegea, akarudi chini bila kuambiwa na mtu, akaigonga kwa jiwe mpaka ikakaa.

Tulipovutwa juu, viganja vya Kengele vilikuwa vimechunika, kamba ina damu. Hakuiachia hata mara moja. Tukalala kwenye udongo kidogo tu, kisha akasema, "Mnasubiri chai?" Tukarudi kwenye toroli.

Jua likiwa limebaki kidogo, tulimwaga toroli ya mwisho. Hakuna aliyeshangilia. Tulikaa chini tu tunaliangalia, limelala bapa, la kijivu, lote ndugu moja. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, na tukacheka wote mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo mpishi amepika wali na nyama. Kasema maharage yameomba likizo.

Tulipokuwa tunaelekea bombani, Kengele akatoka jikoni. Mikono imefungwa vitambaa mpaka vifundoni, na kati ya mikono hiyo miwili ameshikilia birika, analibana kama mtoto mchanga. Beseni amelishika mpishi; nadhani ndiye aliyemweleza desturi ya kwetu. Akaenda moja kwa moja kwa Kifaru.

Kifaru akarudi nyuma hatua moja. "Unataka nini?"

Wote tukaangua kicheko. Hata Kengele mdomo ulicheza.

"Nataka kukunawisha. Jana ulirudi chini kugonga ile kabari, na hakuna aliyekutuma. Toa mikono kabla sijaangusha hiki kitu."

Kifaru akatoa mikono. Mtu mzima yule, shingo yote ile, macho yalimjaa machozi. Maji nusu yalimwagika kwenye buti zake.

Kisha akachukua birika, akageuka, akaja kwangu.

"Nyoosha mikono, Birika."

"Sababu?"

"Asante kwa yote."

Nikavuta mikono, kama Mama. Maji yakaenda chini. "Hapana. Kitu kimoja, chenye siku yake."

"Jamani, huyu anadai mpaka sababu!" akasema, na watu wakacheka. Halafu akashusha sauti, lakini ilikuwa kimya, wote walisikia. "Jana nilipozama ulinikamata kola. Ukanivuta. Na ukanitukana matusi ambayo hata baba yangu hakuwahi kunitukana."

"Nilisemaje?"

"Ulisema, toka humo, we kichwa maji."

Nikamwangalia. Yeye akaniangalia. Kisha polepole akageuza ile shingo yake akamtazama Kengele.

"Lo," akasema. "Kumbe Septemba ulikuwa unamnawisha kwa hilo."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Mimi ndiye sikuwa na masikio." Akanimwagia maji kwa utaratibu sana, kidole kwa kidole. Nilipotazama maji yanavyodondoka nilimkumbuka baba.

Birika likawa mkononi mwangu. Nikaenda kwa mpishi. Akaficha mikono ndani ya kanga. "Mimi? Mimi nimeshanawa, baba."

"Leo hakuna anayejinawisha. Nakunawisha kwa ile siku benchi lilipokuwa linanihama, ukaniwekea ukoko wote bila kusema neno."

"Ah, ukoko tu?"

"Ukoko tu."

Akatoa mikono. Ina alama za sufuria mpaka viwikoni. Kisha akalichukua birika akaenda kwa fundi mbao, naye kwa dereva, na wengine walikwama hawajui waseme nini, wakazomewa mpaka wakapata kitu. Chakula kilipoa kidogo. Hakuna aliyelalamika. Kengele alilishwa na mpishi kwa kijiko, akawa anatukana kati ya tonge na tonge.

Jumatatu, 18 Novemba

Kengele amesimama kwenye kokoto akazungumza na ofisi kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Hata hakuhitaji simu. Kisha akashuka akatuambia: zege linatakiwa lipumzike, halitakiwi kukanyagwa wala kubebeshwa kitu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuweka nusu ya watu hapa wakila bure. Waende wote.

"Na nani atalimwagilia maji, bosi?" Kifaru akauliza. Maana zege jipya linafunikwa magunia, na magunia lazima yawe mabichi kila siku.

"Mimi. Mke wangu na wanangu wanakuja huku, wanataka kuona daraja. Nitakuwa namnawisha huyu." Akaelekeza mkono wenye kitambaa kwenye daraja.

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Sababu?"

Kengele hakufikiri hata kidogo. "Alhamisi hakuanguka."

Alhamisi, 21 Novemba

Nimefunga mzigo, kesho tunaondoka. Kifaru ananisindikiza mpaka stendi, tunaelekea njia moja nusu ya safari. Kasema na kwao mwaka huu atajaribu birika, ingawa ana wajomba wabishi watadhani anataka shamba. Nimemwambia awaeleze sababu kwa sauti, asifanye kosa langu.

Mimi nilikuwa nahangaika nitamwambia Mama sababu gani. Mwaka mzima sikuwepo, sijaona siku hata moja ya kumshukuru. Leo nikiwa namwaga maji kwenye magunia pamoja na Kengele, imenijia. Nitamwambia: "Mama, nakunawisha kwa sikukuu iliyopita. Ulikwenda bombani peke yako, ukarudi, ukawafungulia wote vifuniko."

Akivuta mikono, nitamfuata na beseni mpaka uani.

Nimepanda kokoto mara ya mwisho nikampigia dada. Nimemwambia amwambie Mama apike sana, asipike kidogo, na birika yeye alisugue mpaka ling'ae. Akauliza, "Uhakika?" Nikamwambia hata shemeji anaweza kulisugua, mradi maji asimwage yeye.

Nitafika Jumamosi tarehe 23, basi likienda vizuri nitaingia kabla jua halijazama. Jumapili mchana, sahani zikiwa bado zimefunikwa, bomba la uani lifungwe. Mama asiliguse. Nakuja.